Unahama na mbwa kwenda Ulaya? Anza na chipu, tiketi baadae

Kama umepata kazi au skolashipu Ulaya na una mbwa ambaye huwezi kumwacha, nakuomba kabla hujaanza kuangalia tiketi katafute kwanza daktari wa mifugo mwenye chipu, kile kidude kidogo chenye namba kinachochomwa chini ya ngozi ya mbwa ili atambulike. Toka nihame na mbwa wangu Popi kutoka Arusha kuja Ujerumani watu wananiuliza sana "ulilipa shingapi" na "ndege gani inabeba mbwa", sasa hayo ni maswali ya mwishoni kabisa jamani, kinachoamua mbwa wako atasafiri au atabaki ni tarehe zilizoandikwa kwenye makaratasi yake na zimefuatana vipi.

Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote ziko kwenye kundi la nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, na kusema kweli siyo uonevu. Ugonjwa huu unaua watu kama 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, karibu asilimia 40 wakiwa watoto wa chini ya miaka 15, na asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu yanatoka kwa mbwa. Dalili zikishaanza hakuna dawa. Ndo maana mimi nakasirika mtu akiniambia kuna jamaa mjini anatengeneza karatasi zote kwa siku mbili. Usifanye hivyo, tafadhali, unacheza na maisha ya watoto wa huko unakokwenda na ya mbwa wako mwenyewe, maana wakigundua wanaweza kumrudisha alikotoka, au kumweka karantini kwa gharama zako, na ikishindikana kabisa sheria inawaruhusu kumuua.

Haya, mpangilio kwa nchi za Umoja wa Ulaya uko hivi. Kwanza chipu, ile yenye tarakimu 15 inayofuata viwango vya kimataifa vya ISO, halafu ndo chanjo ya kichaa cha mbwa, inaweza kuwa siku hiyohiyo ila chanjo isitangulie chipu hata kwa siku moja. Hapa ndo wengi wanapokwama. Mbwa amechanjwa kila mwaka toka mdogo, kadi imejaa mihuri, ila chipu imewekwa juzi, basi kwa Ulaya huyo ni kama hajawahi kuchanjwa, inabidi achanjwe tena na kuhesabu kuanze upya, kwa sababu hakuna kinachothibitisha kwamba mbwa wa kwenye kadi ndo huyu aliyesimama hapa. Mwambie daktari apitishe skana kabla ya sindano, isome namba, na wewe mwenyewe uilinganishe na ya kwenye kadi tarakimu kwa tarakimu. Na ile stika ya kichupa cha chanjo ibandikwe, maana jina la chanjo, namba ya bachi, tarehe na mwisho wa kinga vyote vinaulizwa. Jirani yetu mmoja kadi yake ilikuwa na sahihi tu na tarehe, kliniki ikawa haikumbuki ilimchanja na chanjo gani, akarudia kila kitu na kazi inamsubiri.

Mtoto wa mbwa lazima awe na wiki 12 ndo achanjwe.

Zikishapita siku 30 toka chanjo anatolewa damu ya kupima kinga. Damu yenyewe haisafirishwi hivihivi, inazungushwa kwenye mashine ile seramu itengane, inawekwa kwenye kichupa na namba ya chipu juu yake, inatunzwa baridi, halafu inatumwa maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, kuna ya Nancy Ufaransa, kuna ya chuo kikuu cha Kansas State Marekani na nyingine nyingi, orodha iko wazi. Kinga inatakiwa ifike angalau 0.5 IU (kipimo cha kimataifa cha kinga) kwa mililita. Majibu yakiwa mazuri bado husafiri, unasubiri miezi 3, na habari njema ni kwamba miezi hiyo inahesabiwa toka siku damu ilipotolewa, siyo siku majibu yalipokuja, kwa hiyo maabara ikichelewa kidogo usipaniki.

Watu wanauliza kwa nini asubiri wakati kinga imeonekana. Sababu ni kwamba mbwa anaweza kuwa aling'atwa kabla, virusi vinatambaa taratibu kwenye mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo, inaweza kuchukua wiki kadhaa au miezi na muda wote huo anakula na kucheza kama kawaida, na hakuna kipimo cha uhakika kwa mbwa aliye hai. Kipimo pekee ni muda. Kwa hiyo piga hesabu, miezi minne ndo kima cha chini, mimi nakushauri anza miezi sita kabla kwa sababu kinga ikiwa ndogo unachanja upya na kurudi kusubiri.

Cheti cha afya cha Umoja wa Ulaya, cha daktari wa mifugo wa serikali, kinapatikana mwishoni kwa sababu kinadumu siku 10 tu mpaka unapoingia. Ongea na ofisi ya mifugo mapema kuhusu hicho na kibali cha kumtoa mnyama nchini, usiwaendee wiki ya safari ukakuta msaini yuko semina. Na wewe mwenyewe usafiri ndani ya siku 5 kabla au baada ya mbwa, ukizidisha anahesabiwa kama mzigo wa biashara na masharti yanabadilika.

Uingereza mpangilio ni huohuo ila ongeza dawa ya minyoo ya tegu, saa 24 mpaka 120 kabla ya kuingia, na kwa ndege kwa kawaida mbwa anakuja kama kago. Marekani walibadilisha sheria Agosti 2024, mbwa aliyechanjwa kwetu awe na miezi 6 kwenda juu, damu itolewe angalau siku 28 kabla ya kufika, na anashukia viwanja vichache tu vyenye kituo kilichosajiliwa ambako lazima uwe umeshabuku nafasi.

Keji, yaani kizimba cha kusafiria, inunue mapema. Ya Popi tuliiweka sebuleni wazi, chakula chake kikawa kinaliwa humohumo, mwishoni analala mchana ndani bila kuitwa. Asimame bila kugusa juu, ajigeuze, ajinyooshe. Dawa ya usingizi usimpe, mashirika mengi yanakataa mbwa aliyelazwa kwa dawa na hewani ni hatari kwa kupumua, hasa wale wenye pua fupi.

Ukifika pita kwa maafisa wa forodha mwenyewe, usisubiri kuitwa, watapitisha skana na kusoma karatasi zako. Halafu sajili chipu kwa anwani mpya, na tarehe ya chanjo inayofuata iandike sehemu unayoiona kila siku, kwa sababu kile kipimo cha damu kinabaki halali maisha yake yote ilimradi chanjo haijakatika, ikipitiliza hata siku moja na ukataka kumrudisha tena Ulaya baada ya likizo nyumbani, unaanza na sindano, siku 30, damu na miezi 3.