Arena mpya ya matamasha na michezo: acheni siti kwanza, ulizeni paa na mlango wa malori

Mleta uzi kauliza mawili. Kwanza, jiji linalojenga arena moja ya ndani kwa ajili ya matamasha na michezo linafanya jambo la maana, au watu wanapigwa changa la macho? Pili, tiketi zikianza kuuzwa, mtu akae wapi? Naona kurasa tatu sasa wadau wanabishania idadi ya siti. Nimefanya kazi miaka tisa kwenye arena ya namna hiyo, mitano nikiwa kikosi cha kugeuza sakafu, minne nikiwasaidia mafundi wanaoning'iniza vyombo darini, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona.

Arena moja kubeba matamasha na michezo inawezekana, wakuu. Ila uzuri wake wote unategemea kinachotokea usiku, mashabiki wakishaenda kulala.

Tamasha linaisha saa tano usiku. Spika zinashushwa, masanduku ya magurudumu yanakimbizwa kwenye malori, na kabla lori la mwisho halijafungwa sisi tumeshashika mafagio, maana kesho mchana kuna mechi ya kikapu. Sakafu ya kikapu ya arena haijagandishwa chini. Ni vipande zaidi ya 200 vya mbao ngumu, kila kimoja ukubwa wa mlango mpana, chenye namba yake mgongoni. Wawili wanabeba, wa tatu anaongoza, kinasukumwa kikumbatiane na mwenzake, pini inaingia. Sisi tulianzia katikati tukitanuka kwenda nje. Ukipinda kidogo tu pale katikati, ukifika pembeni mstari wa pointi tatu unakuwa na makengeza na kazi inaanza upya.

Tulikuwa na mzee mmoja wa sakafu. Saa kumi alfajiri, sisi tumelala juu ya masanduku, yeye anachukua mpira uliochakaa na kutembea uwanja mzima akiudundisha kwenye kila kiungo, kichwa kainamisha upande kama anayesikiliza mlango. Mpira unasema ta, ta, ta, halafu mahali unasema tu. "Hapa pamelala." Tunaweka alama ya chaki, tunang'oa vipande sita kukifikia hicho kimoja. Siku moja chini yake tulikuta kizibo cha chupa. Kizibo kimoja, na mchezaji angefika pale kwa kasi mpira usirudi mkononi.

Kazi hii ikifanywa vizuri hakuna anayejua imefanyika. Kwenye Olimpiki ya Paris 2024, arena ya Bercy ilimaliza fainali za jimnastiki tarehe 5 Agosti, na siku iliyofuata ikaanza robo fainali za kikapu za wanaume. Watu waliona medali. Mimi niliwaza tu hao jamaa waliobeba mikeka, vyuma na majukwaa usiku ule.

Sasa kwa nini naeleza habari za mafagio? Kwa sababu wachoraji wengi wanaisahau stoo. Sakafu, magoli, mageti ya kuzuia umati, viti elfu kadhaa vya kuweka chini, vyote hivyo vinakaa wapi usiku wa tamasha? Kwetu walitupa kichumba chini ya ngazi, bomba la kiyoyozi linavuja juu yake. Mbao zikavimba msimu wa kwanza. Tulizipiga randa kwa aibu.

Nije kwenye paa, ambalo kwangu ndilo moyo wa arena. Zamani msanii alikuja na spika akaziweka pembeni ya steji. Siku hizi kila kitu kinaning'inia: spika, taa, skrini, wakati mwingine msanii mwenyewe. Ziara kubwa hutundika makumi ya tani. Mafundi wanapanda kwenye kenchi, wanashusha minyororo, winchi zinavuta steji nzima ya taa kutoka chini. Kila kenchi ina kikomo chake, na kabla ya kamba ya kwanza kupanda, mhandisi anapitisha hesabu ya kila ndoano. Arena ikijengwa na paa jepesi ili kubana bajeti, litazuia mvua na jua vizuri sana, na ziara kubwa itaipita kwenda jiji jingine. Kuliongezea nguvu baadaye ni karibu sawa na kulijenga upya.

Paa la nafasi pana bila nguzo katikati halina utani. Mwaka 1978, Januari 18, paa la Hartford Civic Center huko Marekani liliporomoka alfajiri chini ya theluji, saa chache tu baada ya maelfu ya watu kutoka kwenye mechi ya kikapu. Mwaka uliofuata, Juni, Kemper Arena ya Kansas City nayo paa lake likaanguka kwenye mvua kubwa. Hakuna aliyekufa kote kuwili, na ukitazama saa zenyewe utasema ni bahati tupu. Kwa hiyo mkiitwa kwenye kikao cha maoni, msiulize rangi ya viti. Ulizeni: paa litabeba tani ngapi za vyombo vya kutundikwa, na kwenye sehemu zipi za paa? Akijibu kwa kukutajia urefu wa dari, huyo hajui ulichouliza.

Urefu nao una hesabu yake, sitaki kuudharau. Kikapu kinaridhika na mita 7 za hewa tupu. Wavu wa mashindano makubwa ya dunia unataka mita 12.5, kwa hiyo ile skrini kubwa ya katikati lazima iweze kupandishwa juu.

Halafu mlango. Semi-trela ina kimo cha mita 4 na ushee. Kwenye arena nzuri inaingia hadi kwenye sakafu yenyewe, au inaegesha kwenye ghuba (nafasi za malori) za kupakulia usawa wa sakafu, malori manne au matano kwa mpigo. Kwetu zilikuwepo ghuba mbili na kona moja kali. Ziara ya malori ishirini ilisimama foleni barabarani, dereva mmoja mmoja anarudi kinyumenyume, na mapromota wakawa wanalipa siku ya ziada ya ukumbi kwa ajili ya kona ile. Baada ya miaka miwili wengine hawakurudi tena.

Kuna mdau kasema ukijenga haraka unajenga kibovu. Si lazima. Arena ya Kigali, leo inaitwa BK Arena, yenye siti kama 10,000, ilijengwa kwa takribani miezi sita na kufunguliwa Agosti 2019. Mei 2021 ikapokea msimu wa kwanza wa ligi ya kikapu ya Afrika, BAL, na Desemba 2023 Kendrick Lamar akapiga shoo humo humo. Kinachoumiza zaidi ni kujenga bila kujua mpangaji wako ni nani. Barclays Center ya Brooklyn ilifunguliwa 2012 ikiwa imechorwa kwa ajili ya kikapu. Uwanja wa kikapu ni mita 28 kwa 15, uwanja wa hoki ya barafu ni kama mita 61 kwa 26. Mwaka 2015 timu ya hoki, Islanders, ikahamia humo. Barafu ikabidi isogezwe upande mmoja, skrini ya "katikati" ikawa haipo katikati, na siti kadhaa zikawa hazioni goli. Wakaishia kuhama, na tangu Novemba 2021 wana arena yao.

Kwenye sauti ndipo matamasha na michezo vinapogombana kweli kweli. Mechi inataka kelele zipige paa na kurudi, zimtie kiwewe mgeni anayepiga mipira ya adhabu. Tamasha linataka sauti itoke kwenye spika, ifike sikioni, ife. Wallace Sabine, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyafanyia kazi haya mwishoni mwa karne ya 19, naye kwa usiku (nampenda kwa hilo): alikuwa akihamisha mito ya viti kutoka ukumbi mmoja kwenda mwingine, anapuliza bomba la kinanda, anapima kwa saa mlio unachukua muda gani kuzimika. Alichopata ndicho kinachotumika hadi leo. Ukiongeza ujazo wa ukumbi mara mbili bila kuongeza vitu vya kunyonya sauti, mwangwi nao unakaa mara mbili. Arena ni pipa kubwa mno, kwa hiyo bila paa lenye matundu na pamba ya kunyonya sauti nyuma yake, maneno ya msanii yanakanyagana.

Msidanganywe na mapazia. Yanakata sauti nyembamba, besi inayapita kama hayapo. Wimbi la besi ya mitetemo 60 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita 6. Pazia la unene wa kidole litalifanya nini? Ndiyo maana watu wanatoka kwenye arena fulani wakisema "ilikuwa ngurumo tu". Fundi sauti alilaumiwa bure, kosa lilikuwa ukutani.

Ile namba ya siti 15,000 ambayo wadau wameitaja kwenye uzi, ulizeni ni 15,000 ya nini. Steji ikiwekwa mwisho mmoja, siti zote za nyuma yake haziuzwi. Wanafidia kwa watu wa kusimama pale chini. Siku ya kikapu hesabu inageuka tena. Namba inayotangazwa huwa ile iliyo kubwa kuliko zote.

Kwenye taa nitapita haraka. Kama wanafunga taa za zamani za metali halaidi, wakatalieni. Tulikuwa nazo. Umeme ulikatika nukta tu, jenereta ikashika, na bado tulikaa gizani karibu robo saa na ukumbi umejaa, kwa sababu taa zile lazima zipoe ndipo ziwake. LED inawaka papo hapo.

Swali la pili, akae wapi. Kwa mechi, kaa upande mrefu, safu za katikati kwenda juu kidogo, si chini kabisa. Chini utaona viatu vya wachezaji na mgongo wa kocha. Kwa tamasha, tafuta ramani uone meza ya fundi sauti iko wapi, kwa kawaida chini katikati, mbali kiasi na steji. Anayepanga sauti anaipanga kwa masikio yake mwenyewe akiwa pale pale, kwa hiyo siti nyuma yake kidogo ndiyo inayosikia alichokusudia. Zile za mwisho kabisa upande wa pili ziko kama mita 70 kutoka steji, na sauti inatembea mita 343 kwa sekunde. Mkono wa mpiga ngoma unashuka, mdundo unakufikia sehemu ya tano ya sekunde baadaye. Zipo spika za katikati zinazocheleweshwa makusudi ili sauti zake na za steji zisigongane, lakini mkono wa ngoma bado utauona ukitangulia. Ukishaliona mara moja hutaacha kuliona shoo nzima.