Kabla Hujalipia Rangi ya Nano

Siku hizi muuza rangi akipita soko la Kibuye, neno la kwanza kumtoka ni nano. Rangi ya maji yenye nano, geti halishiki kutu, msimu wa mvua ukija wewe lala tu. Mimi ni fundi wa mageti na madirisha ya chuma hapa Kisumu, na kwenye karakana hiyohiyo tuna mashini ya kukerezea vyuma, kwa hiyo neno hilo hunijia kwenye kopo la rangi na kwenye dumu la kilainishi cha mashini pia. Zipo bidhaa nzuri kweli. Ila usitoe pesa kabla hujaambiwa ni nano ya nini.

Chembe za nano zina upana wa kati ya nanomita 1 na 100. Unywele mmoja una kama nanomita 80,000. Kila aina ina kazi yake. Silika na alumina huongeza ugumu, rangi isichubuke haraka. Oksidi ya zinki huzuia miale ya jua inayopausha rangi. Vipande bapa vya grafini, yaani kaboni nyembamba sana, au vya udongo maalumu huyazungusha maji na oksijeni njia ndefu kabla havijafikia chuma. Dioksidi ya titani ndiyo ya kuulizia zaidi: ikiwa haikufunikwa vizuri kiwandani, jua huiamsha ikaanza kuila rangi yenyewe, na ukipitisha kiganja kwenye geti unatoka na unga. Kwa jua letu hili la karibu na ikweta, hilo si jambo dogo. Muuzaji asiyejua kopo lake lina nini kati ya hivi, mwache aende zake.

Kuna wanaouza unga wenyewe kwenye pakiti, eti ukoroge mwenyewe ndani ya rangi ya kawaida. Usinunue. Chembe ndogo namna hiyo hung'ang'aniana, na kuzitenganisha kunahitaji kemikali za kutawanya na mashini za kiwandani. Ukikoroga kwa kijiti kwenye ndoo unapata madonge kama ya uji uliopikwa kwa haraka, na kila donge ni mlango wa maji kuingia. Kuzidisha nako hakusaidii. Mara nyingi kinachotakiwa hakifiki hata asilimia 5 ya uzito, na unga ukizidi gundi ya rangi haitoshi kuushika. Isitoshe, vumbi hilo linaingia mapafuni moja kwa moja. Vumbi la dioksidi ya titani limo kwenye orodha ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, tangu 2006, kama kitu kinachoweza kusababisha saratani. Kitambaa puani hakilizuii. Hata rangi iliyokwisha kukauka, ukiipiga msasa lowesha kwanza.

Halafu kuna ule mchezo wa kumwagia maji kwenye kibati kilichopakwa, matone yakateleza, watu wakapiga makofi. Matone kuteleza kunaonyesha tu kwamba uso wa rangi unakataa maji. Mvuke na hewa bado vinaweza kupenya, na kutu haingoji tone. Jaribio langu ni la polepole: chukua vipande viwili vya chuma kilekile, kimoja rangi ya nano, kingine praima (rangi ya kwanza ya kushika chuma) nzuri ya kawaida, vikwaruze alama ya msalaba mpaka chuma kionekane, uviache juu ya paa Machi hadi Mei. Kisha angalia kutu imetambaa kiasi gani chini ya rangi kutoka kwenye mkwaruzo. Hapo utajua kama ile bei ya ziada ina maana.

Na hata rangi iwe bora vipi, ya maji ina tabia yake: ikipakwa kwenye chuma kitupu, vidoa vya kutu huweza kutokea ingali inakauka. Kwa hiyo praima ya maji iwe imeandikwa kwamba ina dawa ya kuzuia hilo. Ondoa oili kwanza kwa sabuni, suuza, kausha, ndipo upige msasa au brashi ya waya. Hapa ziwani asubuhi chuma huwa na umande usiouona. Kiwe na joto la angalau nyuzi 3 za Selsiasi juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke wa hewani huanza kugeuka umande, na unyevu hewani ukipita asilimia 85, weka brashi chini.

Kwa upande wa vilainishi vya mashini, vile vya kuchanganywa na maji, sina mengi. Maji hupoza chuma kuliko oili lakini hayatelezi vya kutosha, ndiyo maana watengenezaji huongeza chembe za grafini au za disulfidi ya molibdenamu. Zinasaidia zikibaki zinaelea. Dumu likikaa na tope likajikusanya chini hata baada ya kulitikisa, lirudishe dukani. Ukichanganya, mimina kilainishi ndani ya maji, si maji ndani ya kilainishi, na pima ukali wake kwa rifraktomita, kifaa kidogo cha kupimia kwa mwanga, badala ya kukisia kwa kuangalia rangi yake. Maji hayo ya kilainishi yakianza kunuka, bakteria wameshaingia: toa yote, osha tangi, anza upya, na ya zamani usiyamwage mtaroni, kwa sababu mitaro yetu inaelekea ziwani.