Mkojo umeoteshwa, majibu yamejaa R

SWALI: Shikamoo daktari. Natibiwa UTI tangu mwezi wa pili. Nimemeza siprofloksasini, nikachomwa seftriaksoni sindano tano, lakini mkojo bado unachoma. Sasa umeoteshwa maabara: bakteria ni E. coli, "ESBL", R (dawa isiyomuua) tele, S (dawa inayomuua) chache, mojawapo nitrofurantoini. Duka la dawa wanasema nirudie sindano kwa dozi kubwa. Nifanyeje? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Sindano hizo usirudie. ESBL ni vimeng'enya anavyotengeneza bakteria huyo, navyo huivunja seftriaksoni na ndugu zake kabla haijamdhuru. Ukiongeza dozi unampa cha kuvunja tu, na tumboni unaua bakteria wasio na hatia huku sugu wakibaki.

Kwanza hakikisha karatasi yenyewe inaaminika. Mkojo unaofaa ni wa katikati: nawa mikono, safisha sehemu za siri kwa maji kutoka mbele kwenda nyuma, tanua midomo ya uke, mkojo wa mwanzo uende chooni, unaofuata uingie kwenye kikopo tasa usichokigusa ndani. Ufike maabara ndani ya saa 2, la sivyo ukae kwenye friji, usizidi saa 24. Ukiachwa dirishani kwenye joto letu, bakteria wachache wa ngozini huzaana hadi waonekane ni ugonjwa. Maabara huchota mikrolita 1 (sehemu ya elfu ya mililita) kwa kitanzi. Koloni (vidoa vya bakteria, kila kimoja kimetokana na bakteria mmoja) 100 zikiota, ni bakteria 100,000 kwa mililita. Wakiota aina tatu kwa pamoja, mara nyingi ni uchafu: rudia kipimo. Wewe umeota mmoja na dalili unazo, kwa hiyo tunamwamini.

Kama huna homa, hutapiki, mgongo hauumi chini ya mbavu, huna mimba na figo ni nzima, mwonyeshe daktari karatasi hiyo mzungumzie nitrofurantoini: mg 100 ya kuyeyuka polepole mara 2 kwa siku, au ya kawaida mg 50 mara 4, siku 5, pamoja na chakula. Mkojo utageuka rangi ya kahawia, usishtuke. Mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu) asiitumie, kwani chembe nyekundu za damu zinaweza kupasuka. Mbadala ni fosfomisini, gramu 3 mara moja tu, kama nayo ina S.

Homa au maumivu ya ubavuni vikiwepo, S ya nitrofurantoini inadanganya: dawa hiyo hujaa kwenye mkojo, si kwenye nyama ya figo. Hapo ni hospitali, na dawa ya mshipani kama meropenemu, ikiwa karatasi inairuhusu.

Dalili zikiisha, usipime tena "kuhakikisha". Hapo ndipo wengi wanaporudishwa kwenye sindano bure.

SWALI: Mama ana kisukari. Hana dalili yoyote, ila mkojo wake umeota bakteria na ameandikiwa sindano za wiki mbili. Achome? – Msomaji, Tanga

JIBU: Kwa maelezo hayo, hapana; rudini kwa daktari mkamweleze kwamba hana dalili. Bakteria kwenye mkojo bila dalili hawatibiwi, hata kwa mwenye kisukari. Wanaotibiwa ni wajawazito, na anayekaribia upasuaji wa njia ya mkojo unaoweza kumtoa damu. Seli za usaha peke yake nazo si sababu. Akianza homa, kuchanganyikiwa au maumivu ya ubavuni, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na mkojo uchukuliwe kabla ya dozi ya kwanza.