Ngiri ya kovu: itazame ngozi kabla hujagusa uvimbe

Wadogo zangu mnaoanza wodi ya upasuaji, ngiri za kwenye makovu, yaani utumbo kusukumwa nje kupitia kovu la upasuaji wa tumbo, mtazizoea haraka. Katika kila watu 10 waliopasuliwa tumbo kwa mshono wa katikati, mmoja au wawili huja kuipata. Wingi huo ndio unaotufanya tuseme "ni ngiri tu, aje kliniki." Zipo chache zisizosubiri kliniki.

Mlaze mgonjwa, utazame ngozi kwanza. Ngiri ya miaka mingi huikondesha ngozi ikang'aa kama ganda la kitunguu, na chini yake unauona utumbo ukijinyonganyonga. Ukikuta kidonda, hata kidogo, usimpe tarehe ya mbali. Daktari bingwa amwone siku hiyohiyo. Ngozi hiyo hupasuka kwa kikohozi tu, au kwa kujikamua chooni, na utumbo ukamwagika nje. Usiusukume ndani. Ufunike kwa gozi (kitambaa cha kufungia vidonda) safi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya vuguvugu, usiache ikauke. Mgonjwa asile wala asinywe. Weka dripu, anza antibiotiki, waite thieta. Mara nyingi ndugu huwa wameshaufunga kwa khanga. Usiwafokee, na kama khanga imegandia, iloweshe kwanza, usiivute.

Nyingine ya kuogopa ni ile inayoitwa kwa jina la Richter, mpasuaji Mjerumani wa karne ya 18. Hapo kinachobanwa ni upande mmoja tu wa ukuta wa utumbo. Njia haijaziba, kwa hiyo mgonjwa anatoa upepo, pengine anaharisha kabisa, nawe unaandika kwenye faili "hakuna kuziba". Kumbe kipande kile kinaoza. Hupenda matundu madogo, yakiwemo ya laparaskopi (upasuaji wa kamera kupitia matundu madogo), ambayo kwa macho hayatishi hata kidogo. Uvimbe ukiwa mgumu, unauma na haurudi ndani, amini vidole vyako kuliko choo chake.

Kwa mjamzito, mfuko wa uzazi nao huweza kuingia kwenye ngiri. Ni nadra, na wengi huangaliwa hadi wajifungue ndipo ngiri irekebishwe. Ngozi ikague kila hudhurio.

Ngiri kubwa ikisharekebishwa, pima mkojo kila saa usiku ule wa kwanza. Utumbo ulioishi nje miaka ukirudishwa, shinikizo la tumbo huweza kupanda na figo zikaanza kushindwa. Mkojo ukishuka chini ya nusu mililita kwa kilo kwa saa, tumbo limekaza na pumzi ni fupi, mwamshe bingwa. Kuongeza dripu peke yake hakuondoi shinikizo.