Umri wa mbu unapimwaje, na unamhusu nini anayelala kwenye chandarua?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mkulima wa mpunga bonde la Kilombero. Vijana wa utafiti walitundika mtego wa taa chumbani kwetu, pembeni ya chandarua, na asubuhi wakaja kuwachukua mbu wakiwa hai. Mmoja akasema wanakwenda kuwapima umri. Mbu anapimwaje umri? Na umri wake unanisaidia nini mimi niliyelala pale?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Nimefurahi umeuliza, maana kazi yetu kubwa imesimama hapo hapo.

Mbu wa Anofelesi, ndio wanaoeneza malaria, hazaliwi nayo. Huipata akimnyonya mtu mwenye vimelea, na hata hapo hawezi kukuambukiza kesho yake. Vimelea hujishikiza kwenye ukuta wa tumbo lake, vikazaliana, vikapasua na kutoka, kisha vikaingia kwenye tezi za mate. Kwa joto la huko kwenu, safari hiyo huchukua siku kama 10 hadi 14. Mbu wengi hufa kabla haijaisha. Anayekuletea homa, basi, ni ajuza na si kigoli.

Piga hesabu nami. Mbu 1,000 wamenyonya vimelea usiku mmoja. Tuseme kila siku wanakufa 10 katika kila 100: baada ya siku 12 watabaki kama 280. Sasa wafe 20 katika kila 100. Watabaki kama 70 tu. Vifo vya kila siku vimeongezeka mara mbili, lakini mbu wa hatari wamepungua mara nne! Hesabu ya namna hii aliifafanua George Macdonald, mtaalamu wa malaria, miaka ya 1950, na mimi kila nikiirudia naona jinsi tunavyojidanganya tukihesabu wingi wa mbu peke yake. Huko kwenu kuna aina mbili kuu za Anofelesi: Anopheles funestus huwa wachache kuliko Anopheles arabiensis, lakini utafiti umeonyesha ndio wanaobeba sehemu kubwa ya maambukizi.

Kuhusu kupima: tunawataka hai kwa sababu ovari, yaani vifuko vya mayai, zikikaukia ndani ya mbu aliyekufa hazisomeki. Tunamlaza usingizi wa baridi, tunamweka kwenye kioo chenye tone la maji, na kwa sindano mbili nyembamba tunavuta ncha ya tumbo taratibu. Ovari zinatoka, nyeupe, ndogo kuliko punje ya ulezi. Zikishakauka tunaziangalia kwa hadubini. Zimezungukwa na mirija myembamba ya hewa. Kwa mbu ambaye hajawahi kutaga, ncha za mirija hiyo zimejikunja kama uzi uliosokotwa kuwa kidonge. Akishataga hata mara moja, ovari zilikuwa zimevimba kwa mayai, mirija ikavutika, ikanyooka, na haijikunji tena. Njia hii tuliipata kwa mwanasayansi wa Kisovieti, Tatiana Detinova. Haikupi siku kamili; inakuambia ametaga au hajataga. Wenzetu watafiti wa Ifakara na wa Glasgow, Uskoti, wamekuwa wakijaribu kusoma umri kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na kompyuta, bila kupasua.

Sasa faida yako. Ili atage, mbu lazima anyonye damu kila baada ya siku mbili tatu. Kabla ya kufikia ujuza atakuwa amezifuata nyumba zenu mara nne au zaidi, na kila mara chandarua chenye dawa kinapata nafasi ya kumuua. Anayefia kwako leo hatamfikia mtoto wa jirani wiki ijayo. Tukikuta vigoli wengi na waliotaga wachache, ni dalili kwamba dawa inawaua mapema. Ajuza wakijaa, tunaanza kuuliza kama mbu wameizoea dawa. Na wameizoea sana pairethroidi, dawa ya kawaida ya vyandarua, ndiyo maana ulifanyika utafiti Misungwi, Mwanza: vyandarua vilivyoongezewa dawa ya pili, klofenapiri, vilipunguza malaria kwa watoto kwa 44% katika miaka miwili, ukilinganisha na vile vya pairethroidi peke yake. Shirika la Afya Duniani likavipendekeza mwaka 2023.

Vijana wakirudi, waombe wakuwekee jicho kwenye hadubini. Ukiiona ile mirija iliyonyooka, jua mbu huyo alishakula damu ya mtu au mnyama kabla ya kuja chumbani kwako.