Mjini sita, baa wawili wawili: Tokyo na Osaka kwa kundi dogo la wanaume mashoga

Kosa la kundi huonekana mlangoni, saa nne usiku. Wanaume sita wamepanda ngazi nyembamba hadi ghorofa ya pili huko Shinjuku Ni-chome, mtaa wa baa za mashoga wa Tokyo, wanafungua mlango usio na dirisha, na ndani wanakuta kaunta moja yenye viti vinane, vitano vimeshakaliwa. Mwenye baa anapishanisha mikono kifuani kama herufi X. Kundi linashuka likinung'unika kwamba limebaguliwa. Mara nyingi kilichowafukuza ni hesabu tu: watu sita hawaenei viti vitatu.

Kwa hiyo panga safari yako ya Japani kuanzia hapo. Safirini pamoja, kuleni pamoja, lakini baa ingieni wawili wawili. Tokyo ina nafasi nyingi mno za mashoga, ila nafasi moja moja ni ndogo kama sebule ya nyumba ya kupanga.

Idadi nzuri ni wanne au sita. Teksi ya kawaida inabeba abiria wanne, na mkiwa na masanduku ni watatu kwa shida. Ndani ya Shinkansen, treni ya kasi, viti ni vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, na safu huzungushwa mkakaa mkitazamana: sita upande wa tatu-tatu, wanne upande wa mbili-mbili. Meza za izakaya, yaani baa za kula na kunywa, nazo ni za wanne, au mbili zimeunganishwa. Watano daima wana mmoja aliyebanwa kwenye kona. Saba ni balaa.

Ni-chome yenyewe unaimaliza kwa miguu ndani ya dakika kumi. Ulikuwa mtaa wa madanguro hadi adhabu za sheria ya kuzuia ukahaba zilipoanza kutumika mwaka 1958. Madanguro yakafungwa, baa za mashoga zikaingia. Leo hutajwa kuwa na baa zipatazo 300, zimepandiana ghorofa juu ya ghorofa. Msishukie stesheni kubwa ya Shinjuku ambayo ina milango zaidi ya 200, na mkiambiana "tukutane mlangoni" mtatafutana hadi usiku wa manane. Shukeni Shinjuku-sanchome, mtokee mlango wa C8. Mahali pa kukutana pawe duka kubwa la Isetan, ambalo kila dereva wa teksi analijua.

Baa ziko za aina tatu, na kila aina ina adabu yake. Ya kwanza ni zile zilizo wazi kwa kila mtu, zenye nafasi ya kusimama, kama AiiRO Cafe yenye lango la torii kama la mahekalu ya Kishinto, au Eagle Tokyo Blue. Hapa kundi zima linaweza kuanzia usiku na kurudi kukutana. Ya tatu ni zile zilizoandikwa 会員制 mlangoni, yaani za wanachama tu. Jifunzeni sura ya herufi hizo tatu na mpite bila kugonga.

Ya katikati ndiyo utamu wa Ni-chome. Ni kaunta, mwenye baa anayeitwa mama au masuta (wote wanaume mara nyingi), na wateja wanaojuana kwa miaka. Fungua mlango nusu, onyesha vidole viwili, useme "futari, daijoubu desu ka?" (tuko wawili, inafaa?), kisha subiri hapo hapo mlangoni uonyeshwe pa kukaa. Kabla ya kukaa uliza "chaaji wa ikura desu ka?" (ada ya kiti ni kiasi gani?), kwa sababu karibu kila kaunta inatoza kiti. Yeni 500 hadi 1,500 ni kawaida, na kwa pesa hiyo utaletewa kitambaa cha moto cha kufutia mikono na kibakuli cha kitafunwa ambacho hukuagiza. Usikirudishe, kimeshalipiwa. Kinywaji ni yeni 700 hadi 1,000, na kila aliyekaa anaagiza chake. Kugawana bia moja watu wawili ni aibu hapa kama ilivyo aibu kuomba chai moja na vikombe vitatu.

Kwenye raundi ya pili mwambie mama achukue na yeye: "mama mo douzo". Hiyo bilauri moja hufungua maongezi kuliko Kijapani chochote cha kukariri. Chupa zilizopangwa nyuma yake zikiwa na vibandiko vya majina shingoni si za kuuza. Ni za wateja waliozinunua nzima na kuziacha pale wakija wazinywe kidogo kidogo. Karaoke ikiwepo, uliza kama wimbo unalipiwa. Saa moja au moja na nusu inatosha, kisha "okaikei onegaishimasu" (bili tafadhali), na utaletewa kikaratasi chenye tarakimu moja tu bila mchanganuo. Lipa kama ilivyo. Bakshishi haipo, ukiiacha juu ya kaunta utafuatwa barabarani urudishiwe.

Jinsi ya kuendesha kundi: saa tatu usiku mmekula, mnagawanyika jozi tatu, kila jozi na baa yake, na saa tano kamili mnakutana kwenye baa ya kusimama. Halafu badilisheni jozi. Hili la kubadilisha lina sababu. Wapenzi wawili wakikaa pamoja usiku mzima hawaongei na jirani, na asiye na mwenzi hubaki kusindikiza. Msishangae pia kusikia kwamba baa hii ni ya wanene, ile ya vijana wembamba, ile ya wenye mvi. Ndivyo walivyojipanga, na wanatarajia mgeni aulize. Kwenye 9monsters, programu ya simu ya Wajapani wenyewe ya kutafutana wanaume, mtu hujitambulisha kwa tarakimu, kwa mfano 175*70*34: urefu, uzito, umri. Wanaopenda watu wazima zaidi waende Ueno. Wanaopenda wafanyakazi wa ofisini na suti zao, Shimbashi. Sauna za wanaume zipo, lakini baadhi hazipokei wageni wa nje, na mlangoni hakuna mjadala.

Pesa za usiku ziwe taslimu. Baa tatu kwa vinywaji viwili viwili, pamoja na viti, ni kama yeni 8,000 kwa mtu, na zaidi ukimnunulia mama. Chagueni mweka hazina: kila mmoja achange yeni 5,000 asubuhi kwa ajili ya chakula na teksi, kwa kuwa izakaya nyingi hazigawi bili. Baa kila jozi ijilipie. Mashine za pesa ndani ya maduka ya 7-Eleven hukubali kadi za nje, na ziko kila kona. Mkipitia Kabukicho, mtaa wa starehe ulio jirani, msimfuate mtu yeyote anayewaita mtaani kwa bei nzuri, hata kama anawaita ndugu.

Osaka ni rahisi zaidi kwa kundi, na watu wake huongea kwanza kabla hujawaongelesha. Mtaa ni Doyama-cho, dakika kama kumi kwa miguu kutoka stesheni ya Umeda. Grand Slam ni baa ya karaoke iliyozoea wageni, na inafaa kuwa kituo cha kuanzia. Kutoka Tokyo hadi Shin-Osaka kwa Nozomi, Shinkansen ya haraka zaidi, ni saa mbili na nusu, takriban yeni 14,000. Fanyeni hesabu kabla ya kununua JR Pass, tiketi ya watalii ya treni za kampuni za JR: Oktoba 2023 ya siku saba ilipanda hadi yeni 50,000, na kwa safari ya Tokyo, Osaka na Kyoto tu hairudishi gharama. Kyoto msiifuate kwa usiku wake. Laleni Osaka, mwende asubuhi kwa treni ya JR ya haraka, nusu saa na kama yeni 600, mrudi jioni. Wapenzi wanaotaka kumbukumbu ya ndoa wawasiliane mapema na hekalu la Shunkoin huko Kyoto, linalofungisha ndoa za wapenzi wa jinsia moja. Ni ibada tu, kwa sheria ya Japani si ndoa.

Sheria yenyewe haina la kuwatisha. Mapenzi ya jinsia moja si kosa. Ndoa haijatambuliwa kitaifa, ingawa wilaya ya Shibuya jijini Tokyo ilianza kutoa hati za wenzi mwaka 2015 na Tokyo yote ikafuata Novemba 2022. Hotelini, mwongozo wa serikali wa mwaka 2018 unasema mgeni asikataliwe kwa sababu ya mwelekeo wake wa kimapenzi. Wanaume wawili wakichukua kitanda kimoja kwenye hoteli ya kawaida ya wafanyabiashara, mhudumu anaweza kuuliza kwa upole, "twin?" (vitanda viwili?), akidhani mfumo umekosea. Jibu "daburu de daijoubu desu" (kitanda kimoja kikubwa ni sawa) na mazungumzo yameisha. Hoteli za mapumziko ya saa chache ndizo ambazo bado zingine hukataa wanaume wawili.

Mtego wa kweli ni neno "semi-double". Kitanda hicho kina upana wa sentimita 120, na chumba huwa na mita za mraba 11 hadi 13, masanduku mawili hayafunguki kwa pamoja. Wapenzi watafute sentimita 140 kwenda juu. Waandikeni wote wawili wakati wa kuhifadhi chumba, maana bei hutegemea idadi ya watu na kila mgeni huonyesha pasipoti. Eneo liwe Shinjuku-sanchome au Shinjuku-gyoenmae, mrudi kwa miguu. Treni hukoma kati ya saa sita na saa saba usiku na huanza tena karibu saa kumi na moja alfajiri, na teksi kuanzia saa nne usiku huongeza asilimia 20. Walioweka hoteli Asakusa, mbali na hapo, kwa kuokoa yeni 2,000 huzirudisha zote kwa dereva usiku wa kwanza.

Onsen, bafu za chemchemi za maji moto, ni uchi, wanaume peke yao, na ni mahali pa familia na wazee. Unaoga kabla ya kuingia, taulo dogo halizamishwi majini, na macho yako yanakaa kwako. Mwenye chale au tatuu aulize kwanza. Kundi lenye tatuu, au wapenzi wanaotaka kuoga wawili, likodi kashikiri-buro, bafu la faragha kwa dakika 45 au 60.

Sasa mambo ambayo yakiharibika hayatengenezeki. Vile vichupa vya kunusa, poppers, ambavyo Wajapani huviita rasshu, viacheni nyumbani. Ni dawa zilizopigwa marufuku, na tangu Aprili 2014 hata kukutwa nazo ni jinai. Watalii wamekamatwa uwanja wa ndege kwa kichupa kimoja kilichosahaulika kwenye begi la miswaki, kwa hiyo kagueni mabegi ya wenzenu pia. Dawa za mafua zenye pseudoephedrine zaidi ya asilimia 10 nazo haziingii. ARV na PrEP (vidonge vya kujikinga na VVU) zinaruhusiwa kwa matumizi ya mwezi mmoja, zikiwa kwenye kopo lake pamoja na cheti cha daktari. Zaidi ya hapo omba kibali kiitwacho Yunyu Kakunin-sho kabla ya kusafiri. Kuwa na VVU hakumzuii mtu kuingia Japani.

Pasipoti itembee mfukoni, hata mkienda kununua maji. Sheria inamtaka mgeni awe nayo muda wote, na polisi wana haki ya kuiomba. Wenye ngozi nyeusi husimamishwa zaidi ya wengine. Mwaka 2024 wakazi watatu waliozaliwa nje waliishtaki serikali juu ya ukaguzi wa kufuata sura za watu. Ukisimamishwa, toa pasipoti, jibu kwa utulivu, endelea na safari. Nakala kwenye simu haitoshi.

Kamera izimwe Ni-chome. Wateja wengi hawajulikani kazini wala kwao, na mama atakutoa nje kwa picha moja ya kaunta. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa maana ya stara. Nanyi vilevile: picha ya kundi iliyowekwa mtandaoni Jumamosi inasomwa Kampala, Dar es Salaam na Nairobi Jumapili, ambako sheria ni nyingine. Kubalianeni kabla ya kupaa nani anaonekana na nani haonekani, na asiyetaka asibembelezwe. Mkipitia Doha au Dubai kumbukeni kwamba huko nako mapenzi ya jinsia moja ni kosa kisheria, hivyo futeni programu za kutafutana na mzipakue tena mkifika.

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza, na kila mmoja huomba peke yake. Ratiba ya siku kwa siku ni sharti. Andikeni hoteli, miji na treni, baa haziulizwi. Ratiba za kundi zilingane, kwa sababu mmoja akisema Osaka tarehe 12 na mwenzake Tokyo, wote mtaulizwa. Aliyenyimwa hawezi kuomba tena kwa sababu ile ile hadi miezi sita ipite, kwa hiyo msilipe hoteli zisizorudisha pesa kabla ya majibu ya wote.

Kuhusu tarehe, epukeni wiki ya likizo kuanzia 29 Aprili hadi 5 Mei. Maandamano ya fahari ya Tokyo yalikuwa Aprili hadi 2024, na mwaka 2025 yakahamia Juni, msitegemee makala za zamani. Mwaka mpya baa nyingi hufungwa.

Sanduku ambalo urefu, upana na kina chake vikijumlishwa vinazidi sentimita 160 linahitaji kiti cha nafasi ya mizigo kwenye Shinkansen, la sivyo mtatozwa yeni 1,000. Sita wenye masanduku sita wayatume kwa takkyubin, huduma ya kusafirisha mizigo, kutoka mapokezi ya hoteli ya Tokyo: kama yeni 2,000 hadi 3,000 kwa moja, yanafika Osaka kesho yake. Kwa uwanja wa ndege yatumeni siku mbili kabla, na pasipoti zisiwe ndani.