Kinachoniuma si pesa, ni kubadilishana

Swali lenu la wiki hii liliuliza kama kadi za kukusanya, za wanamichezo na zile za kuchezea kama Pokémon na Magic, ni akiba au ni kutupa pesa. Kwa wengi wetu si akiba. Kila mbishi hukimbilia kadi ya mwaka 1952 ya Mickey Mantle, mchezaji wa besiboli wa Marekani, iliyouzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022. Hasemi kwamba Topps, kampuni iliyoichapa, walibaki na shehena ya toleo lile bila wanunuzi, wakaishia kuitupa baharini. Kadi za mwishoni mwa miaka ya 1980 zilichapwa kwa wingi wa kupindukia, watu wakazifungia kabatini wakingoja utajiri, na leo nyingi hazina thamani ya kutajika. Kitu kinachotunzwa na kila mtu kitaadimikaje?

Ila mnauliza habari za pesa wakati kinachoharibika ni kubadilishana. Mimi ninayo mbili, wewe huna. Wewe unayo ninayoitafuta kukamilisha seti. Tunapeana, kila mtu anaondoka na furaha yake. Siku hizi kabla hujamaliza kufungua albamu, mwenzako ameshatoa simu anatafuta bei. Watu wanasusiana kwa tofauti ya senti. Msimamo wangu ni kwamba kwenye meza ya kubadilishana simu zizimwe.

Kuna siku moja, hata hivyo, hainitoki. Mtoto wa miaka tisa au kumi hivi alikuja na kadi za Pokémon alizoachiwa na kaka yake. Hazikuwa kwenye vifuko. Alizifunga kwa mpira, na mpira umeshaanza kula kingo za ile ya juu. Bwana mmoja, mtu mzima mwenye albamu ya zipu, akazipitia taratibu, akasimama kwenye kadi ya Blastoise, mmoja wa viumbe wa Pokémon. Hakuinua macho. "Dogo, nikupe kumi kwa hii moja." Akazipanga kumi zake mezani, mpya, zote za kung'aa. Mtoto alikuwa ameshanyoosha mkono.

Mama mmoja aliyekaa jirani na binti yake akasema, "Hebu ngoja, mwanangu. Iinamishe kwenye mwanga." Akamwonyesha, chini ya kona ya kushoto ya picha, kiduara cheusi chenye namba 1: toleo la kwanza. Halafu akatoa simu. Hakumwonyesha bei ya kadi iliyopewa alama 10, ya juu kabisa, na kampuni za kupima ubora, maana hiyo ingekuwa kumdanganya kwa namna nyingine. Alitafuta zilizouzwa zikiwa zimechakaa kama ile, mgongo wa bluu umechubuka weupe pembeni, akamwachia asome mwenyewe. Bwana yule akanuna: "Mama, unatuharibia." Mama hakumjibu. Mtoto alirudisha Blastoise kwenye mpira, akauliza kwa sauti ndogo, "Kwani kaka anajua?"

Kisha akachomoa kadi nyingine, ya kawaida kabisa, akabadilishana na yule binti kwa sababu picha ya binti ilimpendeza zaidi. Hapo hakuna aliyegusa simu, wala haikuhitajika.

Nilianza kuandika nikitaka simu zizimwe, na kwa watu wawili wanaojuana na wanaozijua kadi bado nasema zizimwe. Lakini siku ile, bila simu, mtoto angeondoka na kumi za kung'aa akidhani amebahatika. Kwa hiyo nasema simu iwepo, ila iwe upande wa asiyejua, na iangaliwe bei ya kadi iliyo mkononi, si ya ile iliyo kamili. Najua ugumu wake: nani ataamua nani hajui? Wapo watoto wanaozijua kadi kuliko sisi wakubwa, na wapo wakubwa waliojiunga jana. Pengine kwa kadi za msimu huu tusijisumbue hata kidogo. Ila kadi ya zamani iliyo mikononi mwa mtoto isibadilishwe siku ileile aliyokuja nayo. Arudi nayo nyumbani kwanza, amuulize aliyempa.